Chupa Isiyocundwa

Katika kijiji kizima cha Kimuli hakukuwa na mwanamke wa kumfikia Mukandekezi kwa kazi ya maziwa. Alikaa chini kwenye mkeka, kibuyu mapajani, akakisukuma mbele na kukirudisha, mbele na kukirudisha, mpaka siagi ikajitenga. Watu wa kwao Rwanda huiita kazi hiyo gucunda. Aliuvuka mto Kagera akiwa na miaka minane, mwaka wa sitini na moja, nyuma ya mama yake aliyebeba vibuyu viwili na kumwongoza ng'ombe mmoja. Ng'ombe alikufa kabla mwezi haujaisha. Vibuyu vilibaki, na kucunda kulibaki.

Kiswahili alikipata baadaye, sokoni na kanisani. Aliweza kununua chumvi kwa Kiswahili, kusali kwa Kiswahili, na kugombana kwa Kiswahili mbuzi wa mtu wakiingia shambani mwake. Ila Kiswahili cha ofisi na cha hospitali kilikuwa kingine kabisa, kikipita juu ya kichwa chake. Naye alikuwa na ile tabia ya watu waliolelewa kwa adabu kupita kiasi: mkubwa akisema neno asilolijua, aliinamisha kichwa na kuitikia, "Ndiyo, mganga," kisha akifika nyumbani anajaza mwenyewe palipopungua. Tabia hiyo husifiwa sana na wakubwa. Wakubwa hawajui inavyowaponza wadogo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, binti, Immaculata. Alipofika miaka kumi, Imma alianza kunywa maji bila kutosheka. Alikonda mpaka gauni la shule likawa linamzunguka mara mbili, na pale alipokojoa nyuma ya nyumba sisimizi walikusanyika. Katika hospitali ya misheni wakamwambia Mukandekezi kwamba mwanawe ana kisukari, kwamba ugonjwa huo hauponi, na kwamba bila sindano ya insulini atakufa. Hayo aliyaelewa yote. Alielewa pia kwamba kitamu ni adui. Aliporudi nyumbani alichukua chungu cha asali akakitupa shimoni na asali yake, akawapa majirani mkungu mzima wa ndizi za kuiva, na umutobe, ile juisi ya ndizi mbivu ambayo mtoto wa Kimuli huijua kabla hajajua kutembea, haukuingia tena mlangoni mwake.

Dawa ya kwanza ilikuwa angavu kama maji. Ilifanya kazi upesi na kuisha upesi, kwa hiyo Imma alichomwa mara tatu kwa siku, na shule ikamshinda, maana mchana lazima awe kwa mama yake. Miaka miwili alikaa nyumbani akichungulia wenzake wakipita na madaftari. Mukandekezi alijifunza kuchemsha bomba la sindano la kioo, kugeuza chupa kichwa chini, kuvuta, kufukuza povu. Mikono yake haikutetemeka hata siku moja.

Mwaka wa themanini na sita, mganga msaidizi wa pale hospitali aliwaita, yeye na mumewe Hategekimana. Mganga huyo aliitwa Egbert, Mhaya wa Muleba, shati jeupe lenye kalamu mbili mfukoni ingawa aliandika kwa moja. Alikuwa mtu mwema, mwenye kupenda sana kusikika. Aliweka mezani chupa ndogo. Juu yalikuwa maji, chini kimelala kitu cheupe kama tui.

"Hii ni insulini ile ile," alisema, "lakini imefungwa. Wameishikanisha na protini nyingine, ikawa vipunje vidogo, vidogo kuliko unga, jicho halioni kimoja kimoja. Ukimchoma, vipunje vinakaa chini ya ngozi vinayeyuka polepole, dawa inatoka kidogo kidogo siku nzima. Asubuhi sindano moja, jioni moja. Mchana mtoto yuko shule."

Mukandekezi alisikia neno shule, na mengine yote yakarudi nyuma.

Hategekimana aliuliza hiyo protini nyingine inatoka kwa nani. Egbert, asiyejua kuficha kitu alichokijua, akasema inatoka kwa samaki.

"Samaki," alisema Hategekimana. Alikuwa mtu wa ng'ombe, mwana wa mtu wa ng'ombe, na nyumbani kwao aliyekula samaki hakugusa maziwa siku ile, ng'ombe wasije wakakauka. "Mniwekee samaki ndani ya mwanangu?"

"Baba Imma," mkewe alisema taratibu, "hatamla. Atachomwa pajani. Samaki wa pajani hafiki kwenye maziwa."

Egbert alicheka mpaka akatoa miwani. Hategekimana hakucheka, ila alinyamaza, na kwa mtu kama yeye hiyo ni ruhusa.

Hapo ndipo Egbert alipotaka kufanya hisani. Alijua mama huyu anatoka wapi, na kwa kuwa alikuwa ameokota maneno mawili matatu ya Kinyarwanda wodini, akaona ni vizuri amwambie kwa lugha yake.

"Sasa sikiliza, Mama Immaculata. Chupa hii usiicunde. Umenielewa? Usiicunde hata kidogo, utaharibu vipunje, itajaa povu. Iviringishe tu viganjani kabla ya kuvuta."

Mukandekezi aliinamisha kichwa. "Ndiyo, mganga."

Usiicunde lilimwingia mpaka mifupani. Lilikuwa neno lake, la mama yake, la mapaja yake. Iviringishe hakulijua. Alidhani ni moja ya yale maneno ambayo watu wa hospitali huyaongeza mwishoni, kama vile "kwa uangalifu" na "kadiri iwezekanavyo". Angeuliza, mtu angemwonyesha kwa mikono, na mambo yangeishia hapo. Hakuuliza.

Na kwa mwanamke wa maziwa, maziwa yasiyocundwa ni nini? Ni yale yaliyowekwa yatulie. Hayasogezwi, hayatikiswi, mtoto hapiti mbio karibu nayo. Basi Mukandekezi aliitafutia chupa ile mahali pa heshima. Hakuiweka pamoja na vibuyu vya maziwa, kwa sababu ya samaki, bali peke yake, ndani ya chungu kilichozikwa nusu kwenye mchanga mbichi, pembeni ya nyumba, penye kivuli. Asubuhi na jioni aliishika humo humo chunguni akiwa amebana pumzi. Hakuigeuza tena kichwa chini kama ile ya zamani. Aliiinamisha kidogo sana, akaingiza sindano kwa juu, akavuta yale maji yaliyotulia juu, angavu, yanayofanana na dawa aliyoizoea. Cheupe cha chini hakukigusa. Aliamini anakitunza.

Imma alirudi shule Jumatano. Alivaa gauni lililoteremshwa upindo, akaondoka hata bila kuaga.

Siku ya tatu sisimizi walirudi nyuma ya nyumba.

Mukandekezi alijiambia dawa mpya ina mambo yake, mwili unaizoea. Siku ya tano Imma aliamka mara nne kunywa maji. Siku ya saba mwalimu alimrudisha nyumbani, kwa kuwa alimkuta amelala juu ya dawati. Hategekimana alisema, "Si nilisema. Samaki." Mukandekezi aliongeza uangalifu. Alifunika chungu kwa jani la mgomba, akamkataza mumewe kupita upande ule na viatu. Kadiri mtoto alivyozidi kudhoofika ndivyo alivyozidi kuituliza chupa, na kadiri alivyoituliza ndivyo mtoto alivyozidi. Aliamua kwamba Jumatatu wataenda hospitali.

Jumamosi asubuhi, siku ya kumi na moja, maji ya juu yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki chini kilikuwa cheupe tupu, kizito. Alifurahi. Alidhani sasa wamefikia penye nguvu, kama mtu aliyefikia siagi. Akavuta kipimo kile kile, mpaka mstari ule ule, akamchoma.

Alikuwa amefikia penye nguvu kweli. Dawa ya siku kumi ilikuwa imelala pale chini.

Alasiri alikuwa akichambua maharage uani alipomsikia Imma akicheka peke yake ndani. Aliingia. Mtoto alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anatazama ukuta, maneno yake yanateleza kama ya mlevi. "Mama, mbuzi wako wanasoma," alisema. Halafu akaegemea upande, akalala, na alipotikiswa hakufungua macho.

Hategekimana alikuja mbio kutoka zizini. Alitazama, akatoka, akarudi na chupa na bomba la sindano lililojaa dawa.

"Sukari imemjaa," alisema. "Siku nane sisimizi hawajaondoka. Mganga alisema ikijaa sana mtu hulala asiamke. Tumchome tena, iliyobaki yote."

Ilikuwa hoja nzuri. Kila kitu walichokiona kwa siku kumi kilikuwa upande wake. Mukandekezi alimshika mtoto shingoni, na kiganja chake kikatoka kimelowa. Aligusa kifua. Kimelowa. Mgongo, gauni, shuka, vyote vimelowa jasho, na mwili baridi. Siku zote hizi ngozi ya Imma ilikuwa kavu, ya kukwaruza. Akakumbuka siku ya kwanza kabisa hospitalini, miaka miwili nyuma, mambo mawili yaliyosemwa pamoja: akikauka na kunuka mdomo, sukari imepanda, mlete; akilewa na kutoka jasho, sukari imeshuka, mpe kitu kitamu upesi.

"Amelowa, Baba Imma."

"Ana homa."

"Homa ya baridi hii?" Alisimama katikati ya mumewe na kitanda. "Sukari imeshuka. Anataka kitamu."

"Kitamu?" Hategekimana alimwangalia kana kwamba naye amelewa. "Wewe uliyetupa asali? Miaka miwili unatuambia kitamu kitamuua, leo akiwa anakufa unataka kumpa?"

Mukandekezi hakuwa na hakika hata kidogo, na hilo lazima lisemwe, maana watu walioisimulia habari hii baadaye walimfanya aonekane kama aliyejua. Hakujua. Kama mumewe yuko sahihi, basi angemuua mwanawe kwa mkono wake, kwa kitu kile kile alichoapa hakitaingia nyumbani. Kama yeye yuko sahihi, sindano ile iliyokuwa mkononi mwa mumewe ndiyo ingemmaliza. Alikuwa na jasho tu kiganjani mwake.

"Ukitaka kumchoma," alisema, "nichome mimi kwanza."

Hategekimana alishusha mkono. Hakukubali, alishindwa tu kumchoma mkewe. Aliweka bomba juu ya kigoda na kukaa chini.

Basi kitamu. Nyumba nzima haikuwa na kitamu. Sukari ya dukani ilikuwa ya kuota ndoto miezi ile. Ndizi zake zote zilikuwa mbichi, kwa maana alihakikisha hivyo. Mukandekezi alisimama mlangoni akijichukia kwa usafi wa nyumba yake, na upepo ukamletea harufu ya ndizi mbivu.

Kwa Mzee Placidius, kilima cha pili, walikuwa wanakamua.

Mzee Placidius alikuwa anaozesha mtoto wiki ile. Tangu asubuhi wanaume walikuwa wanakanyaga ndizi mbivu na majani katika gogo lililochongwa kama mtumbwi, na juisi ilikuwa imejaa, bado haijatiwa mtama wa kuichachusha. Kwa Placidius mambo yalikuwa na utaratibu. Kibuyu cha kwanza ni cha wakwe. Hakuna anayeonja kabla yake, hata yeye mwenyewe, na mtu anayeingia uani mwake husalimia wote, mmoja mmoja, na kuulizwa habari za nyumbani mpaka za ng'ombe. Aliwahi kumrudisha diwani getini aanze upya kwa sababu ya salamu fupi.

Mukandekezi aliingia uani bila kusema kitu. Alipita katikati ya wanaume, akachukua kibuyu cha wakwe kilichofungwa utepe, akakizamisha.

Placidius alimshika mkono. "Mama Imma. Hata shikamoo?"

"Mtoto," alisema, akakiinua kibuyu.

Mzee alimtazama usoni, akauachia mkono. Mukandekezi alikuwa amekwisha kufika kwenye mgomba wa mwisho aliposikia nyuma yake Placidius akiita watu wajipanguse majani miguuni na kuleta ingobyi, ile machela ya kusuka wanayobebea wagonjwa.

Hakummwagia mtoto mdomoni. Hilo nalo lilisemwa ile siku ya kwanza, na safari hii hakuacha hata neno moja. Alichovya kidole katika umutobe, akakipitisha ndani ya shavu la Imma, kwenye fizi, tena, tena, akisugua. Hategekimana alitazama ukutani. Mukandekezi alihesabu kuchovya mara hamsini na kitu, na hakuna kilichobadilika. Alifikiri, nimemuua. Akaendelea, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya. Kisha koo la mtoto likapanda na kushuka. Alikuwa amemeza. Ulimi ukatoka kidogo, ukatafuta kidole.

Hategekimana aliliona lile. Alichukua bomba kutoka kwenye kigoda, akaenda nje kuimwaga dawa iliyokuwamo, kisha akarudi akamshika mtoto kichwa.

Lakini Imma hakukaa macho. Alifungua macho, akamwita mama yake, na baada ya muda akaanza kuteleza tena. Kile walichoambiwa juu ya dawa ile, kwamba inayeyuka polepole siku nzima, ndicho kilichowafuata njiani. Kila walipodhani imekwisha, ilikuwa bado inatoka chini ya ngozi, kidogo kidogo, kama ilivyoahidiwa. Wanaume wanne walibeba ingobyi wakipokezana, Placidius mbele akikemea mawe, na Mukandekezi pembeni na kibuyu cha wakwe. Hatua ishirini, kidole. Hatua ishirini, kidole. Barabarani walilisimamisha lori la kahawa, wakampandisha juu ya magunia, na kidole kikaendelea. Walifika hospitali jua linazama, na kibuyu kilikuwa kimebaki robo.

Egbert alimwekea dripu ya glukosi kabla hajauliza kitu. Baada ya muda Imma alifungua macho, na safari hii yakabaki wazi. Alilamba midomo. Alilamba tena, polepole, kama anayesoma.

"Mama," alisema. "Huu ni umutobe?"

"Ndiyo."

"Upo mwingine?"

Placidius, aliyekuwa amesimama mlangoni na miguu bado ina ndizi, alitoka nje ghafla. Alisema baadaye kwamba alikwenda kuangalia lori.

Egbert aliomba kuiona chupa. Mukandekezi aliifungua kutoka kwenye upindo wa kanga. Egbert aliiinua kwenye taa, akaona utando mzito mweupe chini, hakuna kingine.

"Ulikuwa unaiviringisha?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuinamisha kichwa. "Neno hilo silijui, mganga. Sikulijua hata siku ile."

"Lakini nilikwambia usiicunde."

"Sikuicunda. Hata kuigusa sikuigusa. Niliituliza siku kumi."

Egbert alikaa kitandani kwa mgonjwa mwingine. Alielewa kwamba mama huyu alikuwa ametii kila herufi ya neno alilomfundisha kwa kujionyesha, na kwamba lile neno lilikuwa limekaribia kumuua mtoto. "Kosa ni langu," alisema mwishowe.

"Nusu," alisema Mukandekezi. "Mimi niliitikia."

Asubuhi Egbert alimletea chupa mpya. Mukandekezi hakutaka kuipokea. Mikono ile ambayo haikuwahi kutetemeka ilitetemeka mpaka akaificha chini ya kanga. Alisema muuguzi ndiye amchome mtoto, au mtu yeyote, yeye basi. Imma alikuwa anamtazama kutoka kitandani. Wote walijua kwamba muuguzi hatahamia Kimuli.

Egbert hakubishana. Alichukua chupa, akailaza katikati ya viganja vyake, akaanza kuizungusha taratibu, huku na huku. Cheupe kilichokuwa chini kikainuka, kikaenea, chupa nzima ikawa rangi moja. "Hivi tu," alisema. "Si kuicunda, na si kuiacha. Sijui kwenu mnaitaje. Ni kama... sijui."

Mukandekezi aliitazama ile mikono.

"Rudia," alisema. Egbert alirudia.

"Hiyo ni guhoza," alisema. "Mtoto akilia, unamchukua mkononi, hivyo. Humtikisi. Humwachi. Unamhoza mpaka atulie."

"Basi ihoze," alisema Egbert, na hakuongeza neno lingine.

Neno hilo bado linasemwa katika hospitali ile. Wauguzi waliotoka Bukoba mwaka jana tu, wasiojua hata linatoka kwa nani, huwakabidhi akina mama ile dawa nyeupe na kuwaambia, "Usiitikise. Ihoze." Mwaka wa tisini na nne, watu wengi walipovuka mto kutoka Rwanda, walilisikia bila kuhitaji kuelezwa.

Lakini asubuhi ile lilikuwa la mtu mmoja. Mukandekezi alitoa mikono chini ya kanga, akapokea chupa, akaifunga viganjani. Aliizungusha, na kwa kuwa mikono yake haikujua kufanya hivyo kimya, akaanza kuimba chini chini wimbo ule ambao mama yake alimwimbia ng'ambo ya Kagera. Mtetemo ukapungua. Chupa ikawa nyeupe yote.

Imma aligeuza shingo kwenye mto. Alikuwa na miaka kumi na miwili, umri wa kuona haya. "Mama, watu wanakusikia. Unamhoza nani?"

"Wewe," alisema Mukandekezi. Akaivuta dawa mpaka kwenye mstari, akamwambia aweke paja sawa.